Utendaji wa Prosesa Usiitwe Kasi

Katikati ya mwaka 2017, soko la seva lilipokea prosesa mbili zilizozaliwa kushindanishwa. Mwezi Juni AMD walitoa familia ya EPYC, kinara wake akiwa EPYC 7601. Julai Intel wakatoa Xeon Scalable, na juu kabisa wakaiweka Xeon Platinum 8180. Ya kwanza ina viini 32, ya pili 28, na kila kiini huendesha nyuzi mbili za kazi kwa wakati mmoja. Mapigo ya msingi ya EPYC ni gigahezi 2.2, ya Xeon 2.5; kazi ikiwa ya kiini kimoja au vichache, EPYC hupanda hadi 3.2 na Xeon hadi 3.8. Bei ya orodha ilikuwa kama dola 4,200 kwa ile na kama dola 10,000 kwa hii. Mwandishi wa Kiswahili akitakiwa kueleza ipi bora, hachukui muda kukutana na neno la Kiingereza “performance”, na mara nyingi hulitafsiri “kasi”. Kosa linaanzia hapo. Kwa kasi, Xeon imekwisha kushinda kabla ya hoja kuanza, na mnunuzi ameshawishiwa kulipa zaidi ya mara mbili kwa sababu ya neno moja lililochaguliwa vibaya.

Kuhusu jina la kifaa chenyewe sina ugomvi. Prosesa limeshakaa midomoni mwa mafundi. Kichakataji nalo ni neno zuri, limetoka kwenye kuchakata, kitenzi ambacho mtu wa Tabora hukisikia kwenye habari za asali kabla ya kukisikia kwenye kompyuta. (Ndugu yake, mchakato, amechoshwa na vikao vya ofisini hata siku hizi ukisikia jambo liko kwenye mchakato, unajua halijaanza.) Ugumu uko kwenye vipimo. Kasi ni sifa ya kitu kimoja kinachokwenda: gari, mkimbiaji, mshale. Seva haina mkimbiaji mmoja. Siku matokeo ya kidato cha nne yanapotangazwa, watu wasiohesabika hufungua ukurasa uleule ndani ya dakika zilezile. Jioni, nyumba nyingi hununua umeme wa LUKU kwa simu. Kila ombi ni dogo. Mwenye seva anataka kujua ombi moja linajibiwa baada ya muda gani, na anataka kujua mangapi yanajibiwa kwa sekunde. Hayo ni maswali mawili, na jibu zuri la moja laweza kuwa jibu baya la jingine.

Tofauti hiyo hatuhitaji kuiagiza ng’ambo. Katika karne ya 19 Tabora, mji wa Unyanyembe ambao Burton na Speke waliufikia Novemba 1857 na kuuandika kwa jina la Kazeh, uliishi kwa kuihesabu. Njia ya misafara ilianzia Bagamoyo, ikapita Tabora, ikaishia Ujiji ziwani, mwendo wa zaidi ya kilomita 1,000, na pembe za ndovu, vitambaa na shanga vilikwenda kwa vichwa na mabega ya watu. Mzigo wa mpagazi mmoja ulikuwa kama frasila mbili, yaani kilo 30 hivi. Tarishi mwepesi angeweza kufika pwani siku nyingi kabla ya msafara, lakini hakuna mfanyabiashara aliyempa tarishi pembe. Aliajiri wapagazi kwa mamia, wakaenda mdogo mdogo nyuma ya kirangozi wao, kwa kuwa alichongojea pwani kilikuwa hesabu ya frasila. Tarishi alikuwa wa barua. Njia ni moja, vipimo viwili, na aliyevichanganya alifilisika.

Napendekeza basi kipimo cha barua kiitwe ukawiaji, yaani muda ambao ombi moja hungoja hadi kujibiwa. Kipimo cha frasila kiitwe uchukuzi, yaani wingi wa kazi inayopita kwa muda fulani. Na utendaji libaki jina la jumla linalovibeba vyote viwili. Mafundi wetu tayari husema seva imezidiwa na mzigo, na penye mzigo, uchukuzi hauko mbali. Utendaji nalo limezoeleka katika fomu za kupima watumishi wa umma, ambako hakuna mwajiri anayempa mtu alama kwa jinsi anavyotembea upesi koridoni.

Tukizirudia prosesa zetu kwa maneno hayo, picha inabadilika. EPYC ina njia 8 za kumbukumbu, Xeon ina 6, na zote hutumia kumbukumbu za DDR4 za daraja moja; kwa hesabu ya karatasini ni gigabaiti 170 kwa sekunde dhidi ya 128. Njia za PCIe, zinazopeleka data kwenye diski na kadi za mtandao, ni 128 kwa 48. Huo ni uchukuzi, na EPYC inaongoza. Lakini EPYC hiyo imeundwa kwa vipande vinne vya silikoni, kila kimoja na viini 8, sawa na misafara minne iliyofungwa pamoja. Kiini kikihitaji data iliyo kwenye kumbukumbu ya kipande jirani, kinangoja. Xeon ni kipande kimoja. Kwa hifadhidata moja kubwa inayogombewa na viini vyote, ukawiaji wake ni mdogo. Tena ina amri za AVX-512, zinazokokotoa namba nyingi kwa mkupuo mmoja, na unaweza kuunganisha hadi prosesa 8 katika seva moja, ilhali EPYC mwisho wake ni 2. EPYC nayo inaweza kuisimba kumbukumbu ya kila kompyuta pepe kwa ufunguo wake, jambo la maana pale wateja wasiojuana wanapokaa ndani ya mashine moja.

Thamani ndiyo inayodanganya zaidi. Ukigawa bei kwa viini, EPYC ni kama dola 131 kwa kiini, Xeon kama 357. Wenye misafara wangecheka hesabu iliyoishia kwenye ujira. Kulikuwa na posho ya njiani, na kulikuwa na hongo, ambalo kabla ya kuwa jina la rushwa lilikuwa ushuru uliotozwa na watawala ili msafara upite. Posho ya prosesa ni umeme: watengenezaji wameikadiria EPYC kwa wati 180 na Xeon kwa wati 205. Hongo ni leseni. Windows Server, tangu toleo la 2016, hutozwa kwa idadi ya viini, na mwaka 2020 VMware nao waliamua leseni moja ya prosesa isivuke viini 32. Mwenye viini vingi vya bei nafuu aweza kukuta akiba yake yote imeishia kwenye hongo.

Yupo atakayesema njia ile ilipitisha watumwa pia, na msamiati wake una uchungu. Ni kweli. Hata hivyo wapagazi wengi wa Kinyamwezi walikuwa watu wa ujira, waliopatana malipo na posho, na waliopunjwa hawakukosa kuutua mzigo na kuondoka. Maneno haya ni ya kazi yao. Mwingine atasema uchukuzi ni neno la wizara na la reli. Reli ilifika Tabora mwaka 1912, mzigo ukahama kichwani ukaingia kwenye mabehewa, na neno likahama nao bila taabu. Pingamizi zito ni kwamba kasi inaeleweka na kila mtu. Inaeleweka, ndiyo, lakini inaeleweka kuwa jambo moja, na hapa mambo ni mawili. Isifutwe, ipewe kazi yake halisi, kasi ya mapigo, ile ya gigahezi.

Kwa taasisi yenye maombi mengi madogo, na ambayo programu zake hazitozwi kwa kiini, EPYC 7601 ilikuwa chaguo bora mwaka ule. Kwa hifadhidata moja nzito, au hesabu zinazoitumia AVX-512, Xeon 8180 ilistahili kufikiriwa, bei yake na yote. Nawaomba wanaoandaa zabuni za seva kwa Kiswahili waweke safu ya ukawiaji na safu ya uchukuzi, kila moja peke yake, kabla ya kuandika safu ya bei.