Mfuko wa kulalia mlimani: Usidanganywe na unene

MKAZI wa Muyama, katika nyanda za juu za Kigoma, anaijua baridi ya alfajiri na dawa yake, yaani blanketi zito. Lakini siku atakapokwenda kupanda Mlima Kilimanjaro, blanketi hilo halitamfaa. Joto hupungua kwa takriban nyuzi 6 kila mtu apandapo mita 1,000. Katika kambi ya Barafu na kituo cha Kibo, kwenye mwinuko wa takriban mita 4,700, maji huweza kuganda usiku ndani ya chupa. Hapo mfuko wa kulalia si anasa tena, ni uhai.

Mifuko hiyo ni ya aina mbili: iliyojazwa nyuzi za viwandani, na iliyojazwa manyoya laini ya bata au bata bukini. Manyoya hayatoi joto. Kazi yake ni kunasa hewa, na hewa hiyo huzuia joto la mwili lisipotee. Kwa uzito uleule, manyoya bora huhifadhi joto zaidi ya nyuzi na hukunjika yakawa kifurushi kidogo. Adui yake ni maji, kwani yakilowa hushikamana na kushindwa kunasa hewa. Anayepanda wakati wa masika, Machi hadi Mei, aufunge mfuko wake ndani ya nailoni, au achague wa nyuzi.

Pili, soma lebo. Kipimo cha kimataifa, kilichotokana na kile cha Ulaya cha mwaka 2002, hutaja viwango vitatu: starehe, ukomo na hatari. Kiwango cha hatari hakimaanishi usingizi, bali kunusurika tu. Zingatia starehe. Kwa Kilimanjaro, tafuta nyuzi 10 chini ya sifuri au zaidi ya hapo.

Wengi hukodi mifuko mjini Moshi. Kabla ya kulipa, ukunjue na usubiri ujae hewa. Uinue kwenye mwanga uone kama kuna sehemu zisizo na manyoya. Jaribu zipu. Usisahau godoro jembamba la kutandika chini, kwa sababu manyoya yanayolaliwa hubanwa na kupoteza kazi yake. Lala na nguo kavu na kofia. Kamwe usiingize jiko la mkaa hemani, kwani hewa yake ya sumu huua mtu akiwa usingizini.

Mwisho, wakumbuke wapagazi, ambao mlimani huitwa "wagumu". Baridi haichagui mgeni na mbeba mizigo. Mradi wa KPAP wa mjini Moshi, ulioanza mwaka 2003, huwaazima mavazi ya mlimani bila malipo. Kabla ya kuchagua kampuni, uliza: wapagazi wenu hulala wapi, na hujifunika nini? Tahadhari kabla ya hatari, kwako na kwa anayekubebea mzigo.