Rais wa Bonde la Ufa

Kabla hajawa Rais wa Kenya, Daniel arap Moi alikuwa rais wa Bonde la Ufa. Hicho ndicho kilichokuwa cheo chake mwaka 1963, katiba ya majimbo ilipoipa kila sehemu ya nchi bunge lake dogo, na la Bonde la Ufa likawekewa makao Nakuru. Wengi wanaosimulia maisha yake hukiruka cheo hicho na kukimbilia Agosti 1978. Mimi naamini utawala wake wa miaka 24 hauelezeki bila kukirudia, kwa sababu kilichomfikisha hapo ni hofu moja: Mzungu akiondoka, mashamba haya atayachukua nani?

Alizaliwa Septemba 2, 1924, kijiji cha Kuriengwo, Sacho, katika milima ya Tugen huko Baringo. Baba yake, Kimoi arap Chebii, alifariki Toroitich, kama Moi alivyoitwa utotoni, akiwa na miaka minne hivi, akalelewa na kaka yake Tuitoek. Mwaka 1934 alianza masomo Kabartonjo katika shule ya misheni ya Africa Inland Mission, akabatizwa kwa jina la Daniel. Akaenda Kapsabet, kisha chuo cha ualimu Tambach. Alifundisha miaka kadhaa, na ualimu haukumtoka kamwe; hata akiwa Ikulu aliwasemesha mawaziri kama mwalimu mkuu mbele ya gwaride la asubuhi.

Oktoba 1955 aliingia Baraza la Kutunga Sheria kuchukua nafasi ya John ole Tameno. Mwaka 1957 Waafrika walipopiga kura kwa mara ya kwanza, akawa miongoni mwa wajumbe 8 waliochaguliwa, pamoja na Tom Mboya, Oginga Odinga, Ronald Ngala na Masinde Muliro. Miaka mitatu baadaye yeye, Ngala na Muliro waliunda KADU, chama cha jamii zilizoogopa kumezwa na Wakikuyu na Wajaluo ndani ya KANU.

Hofu hiyo ilikuwa na sura ya ardhi. Njoro, Molo, Rongai, Solai na Subukia zilikuwa nchi ya masetla. Wakalenjin na Wamaasai walisema walinyang'anywa ardhi hiyo na serikali ya kikoloni na kwamba wao ndio wa kurudishiwa. Vibarua waliolima mashamba hayo, wengi wao Wakikuyu, walikuwa wamezaliwa humo wakiwa maskwota, nao hawakuwa na pengine pa kwenda. Kila upande ulikuwa na hoja, na hoja zote mbili zilikuwa za kweli. Majimbo yalikuwa jibu la KADU: kila jimbo lisimamie ardhi yake. Moi alilisimamia jibu hilo akiwa Nakuru.

Halafu akaliacha. Novemba 1964 KADU ilijivunja, wabunge wake wakahamia KANU, chama cha jogoo, na mwezi uliofuata Jomo Kenyatta akampa Moi Wizara ya Mambo ya Ndani. Januari 1967 akawa Makamu wa Rais. Kwa maoni yangu, hapa ndipo siasa za Bonde la Ufa zilipokunjwa bila kufuliwa. Ardhi iligawanywa kupitia mpango wa ekari milioni moja, kisha na makampuni ya kununua mashamba, maarufu zaidi Nakuru ikiwa Ngwataniro ya Kihika Kimani. Watu walilipa fedha zao, wakapata vipande vyao. Lakini hakuna aliyeketi na jamii zilizohisi kupokonywa mara ya pili. Jean-Marie Seroney, mbunge wa Tinderet, alilipinga jambo hilo waziwazi kwa Azimio la Nandi Hills mwaka 1969. Moi alisimama na serikali. Mwaka 1975 Seroney alikamatwa ndani ya viwanja vya Bunge pamoja na Martin Shikuku, wakawekwa kizuizini.

Utiifu huo haukumnunulia heshima. Nakuru ya miaka ya 1970 ilikuwa ngome ya watu wa karibu na Kenyatta, aliyependa sana kukaa katika Ikulu ya mji huo, nao walimwona Moi kuwa wingu linalopita. Shamba lake la Kabarak liko umbali mfupi tu kutoka mjini, lakini inasimuliwa kwamba polisi wa mkoa, chini ya James Mungai, walizoea kumsimamisha Makamu wa Rais barabarani na kumpekua. Septemba 1976 wanasiasa walikusanyika Nakuru kutaka katiba ibadilishwe, ili Rais akifariki Makamu asishike nafasi yake hata kwa zile siku 90 za kukaimu. Hakuna aliyehitaji kuambiwa mlengwa ni nani. Ni Charles Njonjo, Mwanasheria Mkuu, aliyezizima kampeni hizo Oktoba mwaka huo kwa kuonya kwamba kuwaza tu kifo cha Rais ni kosa linaloweza kumpeleka mtu kitanzini.

Kenyatta alipofariki Mombasa alfajiri ya Agosti 22, 1978, Moi alikuwa Kabarak. Siku hiyo hiyo aliapishwa Nairobi. Mungai alitorokea ng'ambo.

Miaka ya kwanza ya Nyayo, kaulimbiu ya utawala wake, ilipendwa kwa dhati. Wafungwa wa kisiasa waliachiliwa. Maziwa ya Nyayo yakaanza kugawiwa bure katika shule za msingi mwaka 1979, na watoto wengi wa vijijini hawakuwa na maziwa mengine. Chuo cha kilimo cha Egerton, Njoro, kikawa chuo kikuu kamili mwaka 1987. Kabarak kwenyewe alijenga shule ya sekondari, na baadaye chuo kikuu.

Agosti 1, 1982 wanajeshi wa anga walipojaribu kupindua serikali, alikuwa tena Kabarak, akarudishwa Nairobi chini ya ulinzi wa jeshi. Baada ya hapo alimshuku kila mtu. Tayari Juni mwaka huo kifungu cha 2A cha katiba kilikuwa kimeifanya Kenya nchi ya chama kimoja kisheria. Zikafuata kamatakamata, vyumba vya mateso vya Nyayo House, na uchaguzi wa mlolongo wa 1988, ambapo mwenye foleni fupi aliweza kutangazwa mshindi.

Desemba 1991 alikubali vyama vingi shingo upande, akisema vitaleta ukabila. Lakini damu ilikuwa imeshaanza kumwagika. Septemba mwaka huo wanasiasa wa KANU walikuwa wamehutubia Kapsabet na Kapkatet wakidai majimbo, neno lile lile la 1963, safari hii wakiwatisha wageni waondoke. Oktoba moto ukawaka shamba la Meteitei, Nandi, ukaenea hadi Molo, Olenguruone na Burnt Forest. Kufikia 1993 shirika la Human Rights Watch lilikadiria waliouawa kuwa watu 1,500 na waliofukuzwa makwao kuwa 300,000. Januari 1998, wiki chache tu baada ya uchaguzi, Njoro na Laikipia zikawaka pia.

Hili ndilo nisiloweza kumsamehe. Hakukuwa na mwanasiasa Kenya aliyeijua hofu ya pande zote mbili kama yeye: mtoto wa Sacho aliyekulia kati ya watu waliosema ardhi yao ilichukuliwa, mkuu wa jimbo aliyeahidi kuirudisha, na waziri aliyetazama majirani zake wakiinunua kwa haki. Alikuwa na miaka 24 ya kuwaketisha pamoja. Tume ya Jaji Akiwumi ilimkabidhi ripoti kuhusu vita hivyo mwaka 1999. Wananchi waliiona mwaka 2002, miezi yake ya mwisho madarakani.

Desemba 30, 2002 alikabidhi madaraka kwa Mwai Kibaki katika bustani ya Uhuru, umati ukimzomea na kumrushia matope, akaenda zake Kabarak. Nampa sifa kwa kuondoka: alikuwa na bunduki na dola, na hakuzitumia kubaki. Miaka mitano baadaye, akiwa mstaafu, Nakuru na Naivasha zilichinjana kwa majina yale yale ya makabila na kwa mashamba yale yale.

Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ilimkabidhi Rais Uhuru Kenyatta ripoti yake Mei 2013, ikiwa na sura nzima ya dhuluma za ardhi. Moi alipozikwa Kabarak, Februari 12, 2020, Bunge lilikuwa bado halijaipitisha.