Mbona Wimbo Ule Ule? Historia Fupi ya Redio za Minneapolis na Saint Paul

Kwenye kipindi cha wiki hii tuligusia jambo hili juu juu tu, kisha tukaona linastahili kuandikwa vizuri. Mtu anatoka Brooklyn Park asubuhi kwenda kazini Bloomington, anasikia wimbo. Akirudi jioni, wimbo ni ule ule, kituo ni kile kile. Akibadilisha kituo, anaukuta umefika nusu kule pia. Sasa watu wanasema watangazaji wa hapa ni wavivu, ama hawajui muziki. Hapana jamani. Kurudiarudia huku kulibuniwa na watu wenye akili zao, kukajaribiwa, kukaleta pesa, na kukaingia mji wetu mwaka unaojulikana: 1956.

Tuanzie Omaha, Nebraska, mwanzoni mwa miaka ya 1950. Kijana mmoja, Todd Storz, alikuwa anaendesha kituo cha KOWH. Hadithi inayosimuliwa ni kwamba alikaa baa akatazama wateja wakitia sarafu kwenye mashine ya santuri. Nyimbo zilikuwa nyingi, lakini walichagua zile zile chache. Baa ilipokaribia kufungwa, mhudumu aliyezisikia siku nzima akatoa sarafu zake mwenyewe akapiga ule ule tena! Pengine hadithi imetiwa chumvi kidogo, ila somo ambalo Storz alilifanyia kazi ni hilo: watu wanapenda wanachokijua. Akapunguza orodha ya nyimbo, akazirudia, na wasikilizaji wakaongezeka. Mfumo huo ndio ukaja kuitwa Top 40.

Mwaka 1956 kampuni ya Storz ikanunua WDGY hapa Minneapolis. Mwaka 1959 akaja mshindani, KDWB, kwenye 630 AM. Kuanzia hapo vijana wa miji hii miwili wakawa na vituo vinavyogombania masikio yao kwa nyimbo zinazofanana.

Kwa nini inalipa? Kituo cha biashara kinamfikiria mtu anayewasha redio dakika kumi au ishirini, ndani ya gari. Katika dakika hizo kinataka akute wimbo anaoujua, asibonyeze kwenda kwingine. Ndiyo maana wimbo unaovuma unaweza kurudi kila saa mbili, tatu hivi. Tangu mwisho wa miaka ya 1970, programu za kompyuta kama Selector zimekuwa zikipanga wimbo gani ufuate upi. Yule mtangazaji anayeongea kama vile ameuchagua yeye, mara nyingi ameukuta umeshapangwa.

Anayeumia ni msikilizaji wa muda mrefu. Mpishi wa mkahawa. Dereva wa lori. Mama zetu na shangazi zetu wanaopiga zamu mbili kwenye nyumba za kulea wazee, redio ikiwa kwenye kaunta tangu alfajiri. Hesabu ya Top 40 haikuwahi kuwaweka hao mbele.

Na kuna waliokuwa nje ya hesabu kabisa. Miaka ya 1960 na 1970, Mmarekani Mweusi wa North Minneapolis aliyetaka kusikia soul alikuwa na KUXL, kituo kidogo cha AM kilichoruhusiwa kurusha mchana tu. Jua likizama, kinazimwa. Sasa wewe unajua Desemba ya hapa ilivyo: kufika saa kumi na moja jioni giza limeshaingia. Yaani watu walikuwa wanatoka kazini na muziki wao umeshakwisha. Prince, aliyezaliwa Minneapolis mwaka 1958, alikulia katika mji huo ambao vituo vikubwa vilipiga zaidi rock na pop. Wachambuzi wengi wa muziki wanasema ule mchanganyiko wa rock na funk unaoitwa sauti ya Minneapolis ulichangiwa na hali hiyo.

Watu wa North Minneapolis hawakubaki kulalamika tu. Mwaka 1976 wakaanzisha redio ya mtaa. Jina lake la leo ni KMOJ, na hizo herufi zimetokana na neno gani? Umoja. Ndiyo, umoja yetu hii hii. Ni miaka ile Wamarekani Weusi walikuwa wanachukua maneno ya Kiswahili kama yao. Kwanzaa ilikuwa imeanza mwaka 1966, na umoja ndiyo nguzo yake ya kwanza. Kwa hiyo Kiswahili kilikuwa hewani hapa kabla wengi wetu hatujazaliwa, na kila siku tunapita 89.9 bila kujua.

Miaka miwili baadaye, 1978, ikaja KFAI, ikirusha kwa wati 10 kutoka chumba cha juu cha kanisa moja la mtaani, Walker. Wati 10! Balbu ya kizamani ya sebuleni ilikula 60. Lakini kwa kutegemea watu wa kujitolea, kituo hicho kikaja kutoa saa kwa Wahmong, Wahabeshi, Wasomali na wengine ambao hakuna kituo cha biashara kingewatazama.

Halafu ikaja sheria ya mawasiliano ya mwaka 1996. Kabla yake, kampuni moja haikuruhusiwa kumiliki zaidi ya vituo 40 nchi nzima. Sheria ikaondoa kikomo hicho, na katika miji mikubwa kampuni moja ikaweza kuwa na hadi vituo 8. Clear Channel ikafikisha zaidi ya vituo 1,200. Leo inaitwa iHeartMedia, na ndiyo mmiliki wa KDWB. Hapa kwetu pigo lilisikika haraka. REV 105, kituo kilichopendwa kwa kupiga vitu vipya, kiliuzwa kwa kampuni kubwa Machi 1997, na muziki wake ukaondolewa. Ilichukua hadi Januari 2005 kwa redio ya umma ya Minnesota kufungua The Current, kwenye 89.3.

Wazee wetu nao wasitucheke, kwa sababu ugomvi huu waliuacha nyumbani. Kenya, mwaka 1980, Sauti ya Kenya iliamriwa kwamba robo tatu ya muziki iwe wa Kenya. Amri hiyo haikudumu. Iliachwa baada ya muda mfupi. Tanzania walikwenda njia nyingine. Viwanda vya santuri vilikuwa haba, basi Redio Tanzania Dar es Salaam ikawaita wanamuziki studioni kwake ikawarekodi yenyewe. Nyimbo nyingi za dansi ambazo baba zetu wanazililia kwenye harusi zipo leo kwa sababu kituo kilihangaika kuzirekodi.

Ukiweka yote haya pamoja, unaona ni wapi pa kusukuma. Kumwandikia KDWB barua ni kupoteza wino; hesabu yake inamlipa tangu 1959. Lakini tazama namba: 89.3, 89.9, 90.3. Zote ziko kati ya 88 na 92, sehemu ya FM ambayo serikali iliitenga mwaka 1945 kwa redio zisizo za biashara. Huko hakuna anayeuza dakika zako kumi za garini. Huko saa hupatikana kwa mtu kujitokeza, kujifunza mitambo, na kurudi kila wiki hata kama nje ni baridi ya kuua.

Wahmong walijitokeza. Wasomali walijitokeza. Sisi tuna kaseti za wazazi zinaoza kwenye vyumba vya chini vya nyumba, tuna shangazi anayejua nani alipiga gitaa kwenye rekodi gani, na tuna kituo ambacho jina lake ni neno letu. Kaseti zikioza na shangazi akaondoka, hakuna kompyuta ya KDWB itakayoturudishia.