Insha ya Mtihani na Mwanafunzi wa Mweso

Mtahiniwa wa Mweso, wilayani Masisi, huandika insha ya Mtihani wa Serikali kwa Kifaransa, lugha ambayo ni nadra kuisikia sokoni, panapotawala Kihunde, Kinyarwanda na Kiswahili. Hali hii ina historia yake. Mwaka 1962 Kongo iliagiza Kifaransa kiwe lugha ya kufundishia tangu darasa la kwanza. Mwaka 1967 ukaanzishwa Mtihani wa Serikali, ambao insha yake hutangulia majaribio ya masomo mengi. Mtahiniwa hupewa kauli aijadili kwa utangulizi, kiini na hitimisho. Basi maandalizi huelekea kuwa kukariri viunganishi vya Kifaransa kuliko kutafuta la kusema.

Kenya ilifuata njia nyingine. Mtihani wa KCPE, ulioanza 1985 na kukoma 2023, ulikuwa na karatasi ya insha ya Kiswahili, na walimu wakapata sababu ya kufundisha methali na tamathali za semi. Katiba ya Kongo ya 2006 inakitambua Kiswahili kuwa mojawapo ya lugha nne za taifa. Hata hivyo, kijana wa Mweso awezaye kusimulia kwa Kiswahili jinsi jamaa zake walivyokimbia vita hajapata karatasi ya kumwuliza habari hiyo.