Mpishi wa Shanti Niwas: Kazi, Kicheko na Tabaka la Kati katika Filamu ya Bawarchi (1972)

Filamu ya Kihindi iitwayo Bawarchi, iliyoongozwa na Hrishikesh Mukherjee na kutolewa mwaka 1972, imezoeleka kusomwa kama ramsa nyepesi: jamaa yenye ugomvi inapata mpishi, mpishi anaipatanisha, kisha anakwenda zake. Usomaji huo si wa uongo. Hata hivyo, unaliacha kando swali ambalo filamu yenyewe inalitia jikoni tangu mwanzo, nalo ni nani hasa anayepaswa kufanya kazi za nyumba. Makala haya yanadai kwamba Bawarchi haina budi kuwekwa katika historia ya namna sinema ya Kihindi ilivyomsawiri mtu anayeishi kwa kazi ya mikono yake, na kwamba ikishawekwa hapo, kicheko chake kinabainika kuwa na gharama, na gharama hiyo kuna aliyeilipa.

Nyumba ya akina Sharma inaitwa Shanti Niwas, yaani Makazi ya Amani. Kinaya cha jina hilo ni cha wazi mno na hakihitaji mhakiki. Babu mzee, Daduji, analinda kasha la vito. Wanawe, wake zao na wajukuu wanaishi chini ya paa moja wakitegeana kazi na kutupiana maneno. Chai ya asubuhi tu ni vita. Watumishi hawadumu, na sifa mbaya ya nyumba imeenea hata hakuna mpishi anayetaka kuikaribia. Kazi zinamwangukia Krishna, mjukuu yatima, kwa sababu ndiye asiye na mzazi wa kumtetea. Ndipo anapotokea Raghu, hakuitwa na mtu, amevaa kaptura ya kaki na kofia nyeupe ya kitambaa, akiomba kupika.

Ili kuuelewa ujio huo inafaa kurudi nyuma. Mukherjee, aliyezaliwa Calcutta mwaka 1922, alipata malezi yake ya kisanaa katika kundi la Bimal Roy. Yeye ndiye aliyeandika mswada wa Do Bigha Zamin (1953) na kuihariri filamu hiyo, inayomhusu mkulima anayekwenda Calcutta kuvuta riksho kwa miguu ili akomboe kipande chake cha ardhi, na asikikomboe. Humo kazi ndiyo hadithi yenyewe: mtazamaji anaziona pumzi za mvuta riksho, anauona uchovu wake, anaona pia kwamba jasho halitoshi kulipa deni. Miaka minne baadaye, katika Musafir (1957), filamu ya kwanza aliyoiongoza mwenyewe, Mukherjee alihamia ndani ya nyumba: nyumba moja ya kupanga na jamaa tatu zinazoishi humo kwa zamu. Tangu hapo nyumba ndiyo iliyokuwa jukwaa lake, na tabaka la kati ndilo lililokuwa kaumu yake.

Haiwezi kudaiwa kwamba waliomzunguka mwaka 1972 hawakuyajua maisha ya wavujajasho. Mashairi ya nyimbo za Bawarchi yalitungwa na Kaifi Azmi, mshairi mkomunisti. A. K. Hangal, anayeigiza mmojawapo wa wana wa Daduji, aliwahi kuwa fundi cherehani na aliwahi kufungwa kwa ajili ya siasa zake. Wote wawili walitokana na jumuiya ya tamthilia ya umma iliyoundwa nchini India mwaka 1943, ambayo ilipeleka maigizo kwa wakulima na wafanyakazi. Daduji mwenyewe anaigizwa na Harindranath Chattopadhyay, mshairi na nduguye Sarojini Naidu, ambaye alikuwa mbunge katika bunge la kwanza la India huru. Kwa ufupi, hiki ni kikosi cha watu wa mrengo wa kushoto kinachosimulia kisa cha mtumishi wa nyumbani. Swali la msingi, basi, ni kwa nini mtumishi huyo hatimaye hakusawiriwa kama mtumishi.

Jibu moja limo katika safari ya kisa chenyewe. Bawarchi imetokana na filamu ya Kibengali ya Tapan Sinha, Galpa Holeo Satyi (1966), ambayo jina lake lina maana ya kwamba hiki ni kisa, ila ni kweli. Mwaka huohuo Bengali Magharibi ilitikiswa na maandamano ya watu waliodai chakula, na katika hali hiyo mpishi anayebisha hodi pasipo kuitwa hakuwa picha ya mzaha mtupu. Mtumishi aliigizwa na Rabi Ghosh, mfupi, mwepesi wa mwili, mchekeshaji ambaye sura yake ilikubalika kuwa ya mtu yeyote wa mtaani. Kisa kilipohamia Bombay, nafasi hiyo ilichukuliwa na Rajesh Khanna. Tangu Aradhana (1969) hapakuwa na nyota aliyependwa kumzidi. Mtazamaji anayemwona Khanna ndani ya kaptura hasadiki hata dakika moja kwamba huyu ni boi wa jikoni. Anangoja tu siri ifichuke. Mwili wa mwigizaji unaukanusha mswada.

Mswada nao unausaidia ukanushaji huo. Raghu anajua muziki, anajua ngoma, anajua falsafa, na anadai amewahi kuwatumikia watu wakubwa. Anahubiri kwamba kazi ya mikono ina heshima, na mahubiri yenyewe ni mema. Ila anayehubiri hakufungwa na kazi hiyo. Aliingia kwa hiari na atatoka kwa hiari. Jamaa ya Sharma inaweza kukubali kufundishwa naye bila ya kupinduliwa, kwa kuwa moyoni inahisi kwamba aliye mbele yake ni mtu wa daraja lake aliyejivika nguo za daraja jingine. Mpishi halisi angeyasema maneno yaleyale, angefukuzwa kabla ya chakula cha mchana.

Lakini sehemu nzito zaidi ni ya kasha la vito. Raghu anatoweka, na kasha nalo halipo. Baadaye Arun, kijana anayependwa na Krishna lakini asiyetakiwa na jamaa, analirudisha akieleza kwamba alipambana na mwizi akamnyang'anya. Kwa ushujaa huo anakubaliwa kuwa mume. Ukweli ni kwamba Raghu mwenyewe ndiye aliyeupanga mchezo mzima. Wahakiki wengi huuita mpango huo ujanja wa kuchekesha, na ndivyo ulivyo. Ila ujanja huu unafaulu kwa sababu moja tu: ni rahisi mno kusadiki kwamba mtumishi ameiba. Hakuna anayehitaji ushahidi. Raghu anaijua dhana hiyo ya kitabaka na kuitumia kama nyenzo. Analichoma jina lake mwenyewe ili wengine waoane. Krishna anapoufichua ukweli, jamaa inalia kwa majuto, na majuto hayo ni ya kumdhania vibaya mtu mwema. Kuhusu wale watumishi wote waliomtangulia hakusemwi lolote. Hapa filamu ilikuwa karibu sana kusema jambo kubwa, ikapita.

Pamoja na hayo, si haki kuidunisha. Wimbo wa alfajiri, ambamo sauti moja inaamsha nyingine hadi nyumba nzima inaimba, unaufanya upatanisho usikike kabla haujaelezwa. Muziki wa Madan Mohan unafanya kazi ambayo mazungumzo yasingeiweza. Majina ya waigizaji na mafundi, badala ya kuandikwa, yanatajwa kwa sauti ya msimulizi kana kwamba hadithi inatambwa barazani. Msimulizi huyo ni Amitabh Bachchan. Mwaka uliofuata, katika Zanjeer (1973), sauti hiyohiyo ilipata sura ya ghadhabu, na katika Deewaar (1975) Bachchan akawa mchukuzi wa bandarini Bombay anayekataa kudhulumiwa. Mfanyakazi aliyefichwa nyuma ya maski jikoni mwa akina Sharma alirejea kwa mlango mwingine, safari hii hakuja kupatanisha.

Jikoni kwenyewe mambo yaliendelea kulainika. Hero No. 1 (1997) ya David Dhawan ilikichukua tena kisa cha mpishi, na humo anayejifanya mtumishi ni mwana wa tajiri anayemfuata mpenzi wake. Jambo ambalo Mukherjee alilidokeza kwa haya lilitangazwa sasa bila haya.

Anabaki Krishna, ambaye uhakiki umempita upesi mno. Kabla ya Raghu kubisha hodi, mikono iliyoibeba nyumba ilikuwa yake, na mikono hiyo haikuwa na mshahara wala ruhusa ya kuacha kazi. Ndoa anayojaliwa ni haki yake, na ndiyo inayomtoa hapo. Filamu inapokwisha, wote wawili waliokuwa wakiipikia Shanti Niwas wamekwisha kuiaga au wako njiani kuiaga. Kamera inamfuata Raghu barabarani, akielekea nyumba nyingine yenye ugomvi wake.