Nani Alitunga Missa Luba? Historia ya Santuri Iliyotangulia Nota

Mwaka jana kwaya yetu ya wanafunzi hapa Lubumbashi ilijiandaa kuimba Sanctus ya Missa Luba katika sherehe ya kufunga mwaka wa masomo. Mwalimu wa kwaya alitugawia nota, nakala ya nakala, jalada lake lilikwisha kupotea zamani. Juu ya ukurasa wa kwanza, mahali ambapo huandikwa jina la mtunzi, palikuwa na jina moja tu: Guido Haazen. Jioni nilifanya mazoezi nyumbani. Babu yangu, aliyefanya kazi ya reli Kamina kabla ya kuhamia huku, alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza, "Mjukuu wangu, huo wimbo ni wa nani?" Nikamjibu kuwa ni wa padri mmoja Mbelgiji. Akacheka. "Na huyo padri alijifunza wapi kuagana kwa Kiluba?"

Sikuwa na jibu. Insha hii ni jaribio langu la kumjibu babu. Nitaeleza jinsi Missa Luba ilivyozaliwa, jinsi santuri yake ilivyosambaa duniani, na kwa nini nadhani swali la mtunzi wake ni swali la historia wala si la muziki peke yake.

Kwa kuanzia, tutazame mahali penyewe. Kamina ni mji wa reli katika Katanga, leo ukiwa katika mkoa wa Haut-Lomami. Mwaka 1953 alifika huko Guido Haazen, mtawa Mfransisko kutoka Ubelgiji, kuongoza shule. Muda si mrefu akaanzisha kwaya ya wavulana na walimu wa shule hiyo. Wavulana walikuwa kama 45, wenye umri wa kati ya miaka 9 na 14, na walimu kama 15. Kwaya ilipewa jina la mfalme wa Ubelgiji wa wakati ule: Les Troubadours du Roi Baudouin. Jina hilo pekee linatosha kutukumbusha kwamba tuko katika enzi ya ukoloni, ambapo hata sauti za watoto wa Kamina zilitambulishwa kwa jina la mfalme wa mbali.

Hata hivyo, ndani ya kwaya hiyo lilifanyika jambo lisilo la kawaida. Wakati ule Misa ya Kikatoliki ilisomwa kwa Kilatini, na katika misheni nyingi ngoma zilihesabiwa kuwa mambo ya kipagani. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, uliofungua mlango kwa lugha na muziki wa wenyeji, ulikuwa bado. Haazen hakubadili maneno. Yalibaki ya Kilatini, na Kyrie ya Kigiriki, kama Kanisa lilivyotaka. Ila sauti na midundo aliwaachia waimbaji. Badala ya kuwapa nota, aliwahimiza wayaimbe maneno hayo kwa namna ya nyimbo walizozijua. Mwalimu mmoja wa shule, Joachim Ngoi, alikuwa mwimbaji kiongozi. Yeye alianza, wengine wakaitikia, na Misa ikajengeka hivyo, sehemu baada ya sehemu, pasipo karatasi. Iliimbwa kwa mara ya kwanza katika ibada huko Kamina mwezi Machi 1958.

Ukiisikiliza kwa makini unatambua kwamba kila sehemu ina asili yake. Kyrie na Gloria zinafuata kasala, utenzi wa Waluba unaotumika kusifu na kuomboleza. Katika Credo, inapofika habari ya kusulubiwa, ngoma inapigwa kama inavyopigwa kijijini kutangaza kifo. Sanctus imejengwa juu ya wimbo wa kuagana. Hapo ndipo sikio la babu lilipogonga. Hosanna inageuka kuwa ngoma ya kucheza ya Kasai, na Agnus Dei inatokana na wimbo wa Bena Luluwa, watu wa upande wa Kananga. Kwa hiyo hata neno "Luba" katika jina la Misa hii ni kifupisho. Ndani yake mna watu zaidi ya Waluba, kama ilivyokuwa Kamina yenyewe, mji ambao reli iliukusanyia watu wa makabila mengi.

Mwaka huohuo wa 1958 kwaya ilisafiri Ulaya. Iliimba Ubelgiji, Uholanzi na Ujerumani, na ilifika katika Maonyesho ya Dunia ya Brussels. Hapa historia inauma kidogo. Katika maonyesho hayohayo Wabelgiji walijenga kijiji cha Wakongo, watu wakawekwa ndani ya uzio watazamwe wakifanya kazi za mikono. Baadhi ya watazamaji waliwadhihaki na kuwatupia ndizi, mpaka Wakongo hao wakakataa kuendelea, wakarudi nyumbani. Katika mji mmoja na mwaka mmoja, Mkongo alishangiliwa jukwaani na kudhihakiwa uani. Miaka miwili baadaye, tarehe 30 Juni 1960, Kongo ilipata uhuru.

Ni katika safari hiyo kampuni ya Philips ilirekodi Missa Luba. Sasa nafika kwenye hoja yangu kuu. Katika muziki wa klasiki wa Ulaya mambo huenda kwa utaratibu unaojulikana: mtunzi anaandika nota, wanamuziki wanazisoma na kuzipiga, mwishowe kampuni inarekodi. Simfonia ya Tano ya Beethoven ilikuwepo takriban karne moja kabla ya kurekodiwa, na rekodi zake zote hupimwa kwa karatasi aliyoiacha Beethoven. Missa Luba ilipita njia ya kinyume. Kwanza ilikuwepo midomoni mwa waimbaji, kisha ikawa santuri, na nota zikaja nyuma. Maana yake ni kwamba nota tulizogawiwa sisi ni picha ya jinsi watu fulani walivyoimba. Tunapozisoma tunasoma alama za pumzi ya Joachim Ngoi na wenzake. Wangeimba wiki iliyofuata, huenda Gloria ingekuwa ndefu zaidi au Kyrie ingeanza kwa namna nyingine, na leo tungekuwa na nota tofauti.

Santuri hiyo ilikwenda mbali. Mwaka 1963 ilitolewa Marekani. Mwaka 1964 Pier Paolo Pasolini aliitumia Gloria katika filamu yake kuhusu Injili ya Mathayo, sambamba na muziki wa Bach na Mozart. Mwaka 1968 Lindsay Anderson aliiweka Sanctus katika filamu yake ya wanafunzi wanaoasi shule yao huko Uingereza, na wimbo huo ukauzwa peke yake kama santuri ndogo. Vijana wa Ulaya waliununua kama wimbo wa uasi. Sidhani wengi wao walijua kuwa msingi wake ni wimbo wa kuagana, wala kwamba walioimba walikuwa watoto wa shule.

Rekodi nyingine muhimu ilitoka kwa majirani zetu. Mwaka 1990 Philips ilitoa Missa Luba ya Muungano National Choir ya Kenya, chini ya Boniface Mganga. Nimezisikiliza zote mbili mara nyingi. Ile ya Kenya ni safi: sauti za wanawake na wanaume wazima zimepangwa vizuri, kila mmoja anajua zamu yake. Ile ya 1958 ina sauti nyembamba za wavulana, na kuna mahali kiongozi anachelewesha neno kana kwamba bado analitafuta. Mwanakwaya mwenzangu anapenda ya Kenya, nami nabaki na ya Kamina. Ila rekodi ya Kenya inathibitisha jambo kubwa: Missa Luba imekuwa kazi ya klasiki kweli, kwa kuwa watu wasioijua Kamina wanaweza kuifufua.

Je, basi, Haazen ameiba? Nilipoanza utafiti huu nilitaka kusema ndiyo. Sasa sisemi hivyo. Bila yeye kwaya isingekuwepo, na bila ujasiri wake ngoma isingeingia kanisani miaka ile. Roma yenyewe iliidhinisha taratibu za Misa kwa majimbo ya Zaire mwaka 1988, miaka 30 baada ya watoto wa Kamina kuimba. Lakini kukusanya ni kazi moja na kutunga ni nyingine. Tatizo ni kwamba karatasi ya nota ina nafasi moja tu juu, na nafasi hiyo imetengenezwa kwa ajili ya mtu kama Beethoven, anayekaa peke yake na kalamu. Kazi ya watu 60 haina pa kukaa. Kwa hiyo jina la aliyeshika kalamu linabaki, na majina ya waliotoa sauti yanaanguka.

Tulipoandaa kipeperushi cha sherehe, nilimwomba mwalimu wa kwaya tuandike: "Waimbaji na walimu wa Kamina, wakiongozwa na Joachim Ngoi; imekusanywa na Guido Haazen." Alisita, akasema mstari ni mrefu mno, kisha akakubali. Nilimsomea babu. Akauliza, "Na hao watoto wengine, majina yao?"

Kwa hilo pia sikuwa na jibu, na hapa ndipo nataka kuwaachia wenzangu wa historia na wa Kiswahili. Mtoto aliyekuwa na miaka 9 mwaka 1958 sasa amevuka 70. Huenda baadhi yao bado wako Kamina, Kananga au hapa mjini, na wanakumbuka nani alianzisha sauti ipi. Kwa kuhitimisha, naona kwamba santuri imetunza sauti zao vizuri kuliko sisi tulivyotunza majina yao. Likizo ijayo natarajia kupanda gari moshi kwenda Kamina na daftari. Babu amekwisha nitajia nyumba mbili za kuanzia.