Mshika Daftari wa Epsom

Mtafsiri mvivu akikutana na "bookmaker", jina ambalo Waingereza humwitia mchezesha kamari ya farasi, ataandika "mtengeneza vitabu", na msomaji atadhani anasimuliwa habari za mpiga chapa. Kitabu kilikuwepo kweli, ila kilikuwa daftari. Enzi za Malkia Victoria, mchezesha kamari huyo alisimama kwenye viwanja vya mbio vya Epsom au Newmarket akinadi bei za farasi kwa sauti, karani pembeni akiandika kila dau.

Wala hakuwa akibahatisha. Chukua mbio za farasi watatu. Wa kwanza analipa faida ya pauni moja kwa kila pauni ya dau, wa pili mbili, wa tatu tatu. Akipokea pauni 6 za wa kwanza, 4 za wa pili na 3 za wa tatu, mkononi ana 13. Ashinde yeyote, atatoa 12, dau la mshindi likiwemo. Pauni moja imeshabaki mfukoni kabla farasi hajainua kwato! Jina la Waingereza nalipendea hilo: linataja chombo chenyewe cha ujanja. Neno kamari, tulilolipata kwa Waarabu, linataja mchezo tu.

Walevi wa mbio walikuwa na majina makali zaidi. "Mguu" lilikuwa kifupi cha "mguu mweusi", yaani tapeli. Aliyeingia mitini na madau ya watu aliitwa "welsher", neno linalogusa watu wa Wales, nao wana haki ya kununa. Hata fedha zilikuwa na majina yake: pauni 25 ziliitwa poni, 500, tumbili.

Lakini istilahi nzito ni deni la heshima. Sheria ya Uingereza ya 1845 iliziondolea mahakama kazi ya kulazimisha malipo ya madeni ya kamari, kwa hiyo mtu alilipa ili asiaibike mbele ya wenzake. Mwaka 1853 Bunge likapiga marufuku nyumba za kubeti kwa fedha taslimu, kimbilio la makarani na vibarua. Mabwana waliobeti kwa mkopo pale Tattersalls, mnada wa farasi wa London, hawakuguswa. Heshima, kumbe, ilikuwa na tabaka. Hata hivyo haikumwokoa lodi mmoja, Marquess wa Hastings: farasi Hermit aliposhinda mbio za Derby za 1867, lodi huyo, aliyebeti dhidi yake, alipoteza takribani pauni 120,000, akafa mwaka uliofuata akiwa na miaka 26.

Leo vijana wa Dar es Salaam wana mkeka, yaani orodha ya timu walizobetia kwa pamoja, nao huchanika timu moja ikizingua. Hilo ni neno la mchezaji. Yule wa upande wa pili tunamwita "kampuni", jina lisilosema lolote. Mimi ningemwita mshika daftari, hata kama daftari lake siku hizi ni kompyuta.